Jedwali la pamoja na data iliyozimwa

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi nafungua jedwali letu la pamoja la Google nione mzigo uliopo Wete, Pemba. Kwa muda mrefu safu ya Wete ilikuwa inaniletea namba za Alkhamisi. Namba za kweli zilikuja saa nne, kwa sauti ya WhatsApp: "Ami, mdalasini tumebakisha magunia matatu, pilipili manga nitakwambia nikitoka sokoni."

Biashara yetu ni ndogo. Tunanunua viungo Pemba, tunavifungasha Mwanakwerekwe, tunauza kwenye mahoteli ya kaskazini na maduka ya Mji Mkongwe. (Karafuu hatuigusi, hiyo ina mwenyewe, ZSTC, shirika la biashara la serikali.) Watu sita, sehemu tatu, na bahari katikati. Kama kuna biashara iliyoumbiwa jedwali la pamoja, basi ni hii.

Nimeshakaa kwenye semina nyingi nikaambiwa tatizo letu ni mazoea. Mtoa mada anaonyesha ukutani jinsi watu watano wanavyoandika faili moja kwa wakati mmoja, tunapiga makofi, tunapewa soda, tunarudi kwenye WhatsApp. Mimi hilo la mazoea silikubali. Wafanyabiashara hawa hawa walijifunza kutuma pesa kwa simu bila ya semina hata moja, kwa sababu ile haitaki hata intaneti: nyota, namba, reli, basi.

Msaidizi wetu wa Wete aliishi kwa bando, na anayeishi kwa bando ana adabu zake. Anawasha data, anachukua ujumbe, anajibu, anazima. Si ujinga, ni hesabu. Akiiacha wazi, simu inaanza kujisasisha yenyewe na kifurushi cha wiki kinakwisha Jumanne. WhatsApp imeelewana na adabu hiyo. Ujumbe unangoja, ukiwasha unaingia wote. Jedwali la pamoja limetengenezwa na watu ambao intaneti yao haizimwi. Linadhani kila mtu yupo, na asipokuwepo linakuonyesha namba za juzi bila ya kuona haya.

Ndivyo tulivyouza mdalasini ule ule mara mbili. Kijana wetu wa mauzo alikuwa Nungwi, akaona kwenye simu kilo 40, akamwahidi mpishi wa hoteli. Kilo hizo zilikuwa zimeshachukuliwa na mteja wa Chake tangu jana yake, ila aliyeziandika aliandika data ikiwa imezimwa. Tuliomba radhi, tukanunua mdalasini mwingine Darajani kwa bei ya rejareja, hasara ikawa yetu. Baada ya hapo hakuna aliyeamrisha, lakini wote walirudi kwenye sauti za WhatsApp.

Na ofisi ya Mwanakwerekwe ilikuwa na faiba muda wote huo! Kasi yetu haikusaidia kitu. Kazi ya pamoja inakwenda kwa mwendo wa mwenye mtandao mbovu kuliko wote. Mmoja akiwa nje, walio ndani nao hawaliamini jedwali, na jedwali lisiloaminiwa nani atalijaza?

Sisemi hatujasogea. Kabla ya Seacom, mkongo wa intaneti unaopita baharini, kuanza kazi Julai 2009, na mwenzake EASSy mwaka uliofuata, mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu, na kuzungumza kwa video kulikuwa ni kusubiriana. Leo mazungumzo yote ni ya Fumba, tangu Silicon Zanzibar, mpango wa kuvutia kampuni za teknolojia, uzinduliwe mwaka 2022. Heri kwao. Lakini kampuni ya Fumba inafanya kazi na watu wa Berlin. Mimi nafanya kazi na Wete.

Mei 2024 EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, nchi iliduwaa na ikawa habari. Kukatika kwetu kwa kila siku si habari: umeme unapepesa, ruta inazima, inachukua dakika kadhaa kuamka. Na sisi wa Unguja tuna kumbukumbu nyingine, ile miezi mitatu ya giza, bila ya umeme, ya Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mzee aliyefanya biashara kipindi hicho, usimcheke akikwambia daftari halizimiki.

Mwaka huu tulitenga fedha za kununua programu ya hesabu. Nikashauri tusinunue. Zilipie intaneti ya mwezi isiyo na kikomo pale dukani Wete, pamoja na betri ndogo ya kuishikilia ruta umeme ukikatika. Tena nikasisitiza tuulize kasi ya kupakia, maana matangazo yanataja ya kupakua tu, na mwenzetu anatuma picha za risiti kila siku.

Mwenye biashara alinuna. "Yaani pesa za programu tumpe yule aangalie mpira?"

Ndiyo, na mpira anaangalia. Lakini data haizimi tena. Wiki ya tatu nilifungua jedwali Jumatatu saa mbili, nikakuta ameshajaza mdalasini, pilipili manga, hata hiliki, na pembeni ameniandikia akiuliza mbona kilo za Mwanakwerekwe hazilingani na zake.

Zilikuwa hazilingani kwa kosa langu.