Masters ya makenika ya nini?

Kijana aliyemaliza shahada ya uhandisi mitambo miaka mitatu iliyopita alinipigia simu mwezi uliopita. Yuko kiwandani Dar es Salaam, amepata nafasi ya kusoma uzamili, na kila aliyemwomba ushauri kazini kamwambia asipoteze muda. "Wanasema kama ni kusoma nikasome MBA, ile ya uongozi wa biashara, angalau nitakuwa meneja," aliniambia. "Masters ya makenika ya nini, kaka, wakati mashine zenyewe ziko hapa?"

Wanaouliza hivyo si watu wa kubezwa. Wana hoja, na nyingine nimeziishi.

Fundi mkuu aliyenipokea kazini alikuwa akishuku beringi, anaweka ncha ya bisibisi juu ya kasha lake, mpini anaubana sikioni, halafu anafumba macho. Anakaa hivyo kama sekunde kumi. "Hii haifiki Ijumaa," anasema, na kweli Alhamisi tunaifungua tunakuta gololi zimechubuka. Mimi nilikuwa na matokeo mazuri ya chuo, nikaweka sikio palepale, nikasikia kelele tu. Hakuna chumba cha mihadhara kinachofundisha sikio lile. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo inalijua hilo. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 kuna mpango wa SEAP, ambapo mhitimu anafanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Cheti cha uzamili peke yake hakimpi mtu muhuri.

Halafu kuna pesa. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Ukiongeza ada ya uzamili na nauli ya kwenda chuo jioni, nyumbani panabaki kidogo sana. Na waajiri wengi hawaongezi hata shilingi kwa sababu umerudi na shahada ya pili.

Hoja inayoniuma zaidi ni ya rafu za maktaba. Tasnifu inaandikwa, inatetewa, inajalidiwa vizuri, kisha inakaa maktaba hadi vumbi lisome. Anayesema hivyo hasemi uongo. Nimeziona, na nyingine zilistahili rafu, maana mada ilichukuliwa tu kwa kuwa programu ya kompyuta ilikuwepo na msimamizi alikuwa ameizoea. Mtu anayekwenda kusoma namna hiyo, wenzake wa karakana wana haki ya kumshangaa.

Lakini nataka niseme juu ya nyuzi joto 15, kwa sababu kila nikisikia mjadala huu akili yangu inarudi hapo.

Mtambo wa gesi wa kufua umeme unauzwa na namba ya uwezo wake. Tukisema ni wa megawati 40, namba hiyo imepimwa kwa masharti ya kimataifa yaliyokubaliwa: hewa ya nyuzi joto 15, unyevu wa asilimia 60, shinikizo la usawa wa bahari. Ni masharti ya haki, kila mtengenezaji anapimwa kwa kipimo kimoja. Ila Dar es Salaam nyuzi 15 ni nadra kuziona hata usiku wa Julai. Saa nane mchana, Februari, pale Kinyerezi au Ubungo kwenye vituo vya umeme wa gesi, mtambo unavuta hewa ya nyuzi 32.

Ubaya wake ni huu. Kompresa ya mtambo, sehemu inayovuta hewa na kuibana, inakula hewa kwa ujazo, lakini umeme unatokana na uzito wa hewa hiyo. Ni kama debe: debe la mahindi na debe la pumba ni debe lilelile, uliza mzani. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo debe linajaa na mzigo haufiki. Kutegemea muundo wake, mtambo unapoteza kati ya asilimia 0.5 na 0.9 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayopanda. Kwa tofauti ya nyuzi 17, mtambo wa megawati 40 unapungukiwa megawati 3.4 hadi 6. Hakuna kilichoharibika, hakuna wa kulaumiwa, na fundi mwenye bisibisi hatasikia chochote maana mtambo ni mzima kabisa. Na upungufu unakuja saa ileile viyoyozi vya mji mzima vinapowashwa.

Dawa ipo, nayo ni kuipoza hewa kabla haijaingia. Njia ya bei nafuu ni kuipitisha kwenye maji, ipoe kama inavyopoa kwenye mtungi. Katika nchi kavu njia hiyo inafanya kazi vizuri sana. Dar es Salaam hewa tayari ina maji mengi. Kwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, hata kifaa kikamilifu hakiwezi kushusha joto zaidi ya nyuzi 6 hivi. Hewa ya joto hilohilo lakini kavu kama ya Dodoma wakati wa kiangazi, yenye unyevu wa asilimia 35, ingeshuka zaidi ya nyuzi 10. Basi pwani pengine inafaa mashine ya kupozea inayoendeshwa na joto la moshi unaotoka kwenye mtambo. Lakini kama moshi huo tayari unachemsha maji ya mtambo wa mvuke, kama ulivyo mpango wa kituo cha Kinyerezi II, je, ukiuazima kwa kupoza unapata zaidi au unapoteza? Kwa miezi mingapi ya mwaka? Saa ngapi za siku? Gharama inarudi lini?

Maswali hayo hayajibiki kwa wiki moja ya matengenezo. Yanataka mtu akae na vipimo vya mwaka mzima, ajenge hesabu, aikosee, msimamizi airudishe na wino mwekundu, aanze upya. Fomula zenyewe ziko kwenye shahada ya kwanza, nakiri. Kinachotolewa na uzamili wa kweli ni miezi kumi na minane ya kubanwa na swali moja. Meneja hawezi kukupa muda huo, ana uzalishaji wa kesho. Aliyeuza mtambo amekukabidhi jedwali la makadirio kwa kila joto, na hana sababu ya kukufikiria zaidi ya hapo.

Nikisema hivi naambiwa sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, gesi itapumzika. Sawa. Lakini mto Rufiji, uliko bwawa hilo, nao hubeba mchanga, na mchanga mgumu hula mapanga ya mtambo wa maji. Unayala kwa kasi gani, na punje za ukubwa gani? Ni swali jingine la mtu aliyebanwa. Ukipanda Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa, inadai pumzi yake. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na jiko kabla ya kusambazwa lazima lipimwe na mtu anayejua kupima.

Vyuo vipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha wahandisi tangu 1973, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha iliundwa mahususi kwa uzamili na uzamivu. Wakosoaji husema maabara ni pungufu, na hapo wamepatia. Ila maabara kubwa ya swali la nyuzi 15 iko Kinyerezi. Kinachokosekana ni makubaliano: mwenye mtambo kukubali mwanafunzi aingie na vipimo vyake, na chuo kukubali swali litoke kwa mwenye mtambo. Tasnifu iliyoanza na tatizo la mtu ina mwenyewe anayeisubiri ikamilike.

Kwa hiyo kijana nilimjibu kwa swali: kiwandani kwenu kuna nini kinachokusumbua na hakuna aliyewahi kukupa jibu? Alikaa kimya kidogo, akasema wana jenereta tatu za gesi zinazoshuka nguvu kila alasiri, na kila mtu anasema "ndivyo zilivyo". Nikamwambia asiende MBA bado, na asiende chuo bado. Kwanza amwombe bosi ruhusa ya kuandika vipimo.

Juzi alinitumia picha ya daftari. Safu ya kwanza ni saa, ya pili joto la hewa kwenye mdomo wa kuvutia, ya tatu unyevu, ya nne kilowati. Siku kumi na moja zimejaa. Chini ya ukurasa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Namba 2 inashuka kuliko wenzake. Kwa nini?"