Wi-Fi mpya, monita ya zamani: nani ampishe mwenzake?

Februari 1998 kituo cha televisheni cha WFAA, Dallas, Marekani, kilianza kujaribu matangazo ya kidijitali kwenye chaneli 9. Katika hospitali ya Baylor, mjini humohumo, vifaa vilivyokuwa vikirusha mapigo ya moyo ya wagonjwa kwa redio hadi meza ya wauguzi vikapoteza mawasiliano, maana vilitumia masafa yaleyale. Hakuna aliyevunja sheria. Televisheni ilikuwa na leseni. Hospitali iliruhusiwa kutumia nafasi hiyo mradi isidai haki juu yake. Kituo kikasitisha matangazo hayo hadi tatizo litatuliwe, na mwaka 2000 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikatenga masafa maalumu kwa ajili ya vifaa vya hospitali.

Leo mvutano huo umehamia ndani ya jengo. Hospitali inabadilisha Wi-Fi mwisho wa wiki, Jumatatu pampu za dripu na monita hazionekani kwenye mtandao. Mafundi wa vifaa tiba wanasema mtandao umeharibika, watu wa TEHAMA wanasema mashine zimezeeka. Kumbe mara nyingi hakuna kilichoharibika: kila upande unafanya ulichopangiwa.

Kifaa chenye redio ya 802.11b, kiwango cha zamani cha Wi-Fi, kinasikia gigahezi 2.4 tu, tena kwa kasi za megabiti 1, 2, 5.5 na 11 kwa sekunde. Mtaalamu wa mtandao mpya huzima kasi hizo kwa nia njema, ili hewa isijazwe na mazungumzo ya polepole. Hapo amekifungia kifaa nje bila kujua. Au ameziacha, lakini amewasha 802.11r, utaratibu unaomwezesha anayetembea kuhama haraka kutoka kituo kimoja cha Wi-Fi hadi kingine. Baadhi ya redio za zamani zikikuta tangazo la mtandao lenye maelezo zisiyoyajua, hazijiungi kabisa. Au amechagua WPA3, njia mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, peke yake, wakati kifaa kinaishia WPA2 iliyoitangulia.

Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina yao. Nyingi hazisikii chaneli 12 na 13 za Wi-Fi, ambazo nchi nyingi nyingine huziruhusu. Mtandao unaojichagulia chaneli ukiangukia 13 katika wodi ya watoto na 1 katika wodi ya wazazi, mashine itafanya kazi huku na kufa kule, na atakayelaumiwa ni betri. Betri nayo ina kesi yake: ile ndogo inayotunza saa ikiisha, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, na mashine inakataa cheti cha kidijitali cha mtandao kwa kuona muda wake haujaanza. Wi-Fi hapo haina kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya kugombana ni nani aondoke, tujue mashine imekwama hatua gani. Inaliona jina la mtandao? Imekataliwa kwenye nenosiri au cheti? Imepewa anwani lakini haifiki kwenye seva? Hilo la mwisho ni la ukuta wa ulinzi, yaani programu au kifaa kinachochuja mawasiliano ya mtandao, na wala si la redio. Kumbukumbu za mtandao huonyesha haya mapema, mradi mtu azisome kabla ya kuandika barua ya kuomba mashine mpya.

Wanaotaka mashine za zamani ziondoke wana hoja nzito. Udhaifu wa WEP, njia ya kwanza ya ulinzi wa Wi-Fi, ulianikwa mwaka 2001. Kuifungulia hospitali mtandao wa WEP kwa ajili ya monita tatu ni kuwakaribisha wadukuzi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Wengi hutaja pia WannaCry, virusi vya Mei 2017 vilivyovuruga angalau taasisi 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma nchini Uingereza. Mfano huo lakini unakata kuwili. Ukaguzi wa serikali ya huko ulionyesha kuwa kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo bado ilikuwa ikihudumiwa na mtengenezaji. Kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu wa programu, kilikuwepo, hakikuwekwa. Umri peke yake haukuwa mkosaji.

Upande wa pili unasema pampu inayosukuma dawa kwa kipimo sahihi haipaswi kutupwa kwa sababu ya redio. Nakubaliana nao kwa sharti moja: tuseme wazi tunapoteza nini. Pampu ikikosa Wi-Fi huendelea kusukuma dawa. Kinachokosekana ni orodha mpya ya dozi na kumbukumbu kwenda kwenye kompyuta, na muuguzi ataandika kwa mkono. Monita ya mgonjwa mahututi ambayo king'ora chake kinategemewa kulia kwenye meza ya mbali ni habari nyingine kabisa.

Msimamo wangu ni kwamba mtandao wa hospitali nzima usishushwe hadhi kwa ajili ya kifaa kimoja, na kifaa kisitupwe kabla ya kujaribu waya. Mashine ya maabara isiyohama mwaka mzima, yenye tundu la kebo mgongoni, inatafuta nini hewani? Inayolazimika kutembea ipewe jina lake la mtandao, gigahezi 2.4 tu, WPA2 yenye usimbaji wa AES, katika kipande cha mtandao kilichotengwa kinachoongea na seva yake pekee bila intaneti. Inayojua WEP tu ikatwe mtandaoni, ifanye kazi peke yake.

Suluhisho hilo nalo lina gharama. Kila jina jipya la mtandao hujitangaza hewani mara nyingi kwa sekunde, na kifaa cha polepole huwasubirisha wengine. Baya zaidi, mitandao ya "kwa muda tu" haifi. Ndiyo maana kila mmoja uandikiwe tarehe ya kufungwa na jina la mtu atakayeufunga.

Watengenezaji wasiachwe wajifiche nyuma ya kibali, wakidai kiraka cha usalama kinahitaji idhini upya. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, imekwisha kusema kwamba kwa kawaida hakihitaji. Tangu Machi 2023 sheria ya huko inamtaka anayeomba kibali cha kifaa cha kuunganishwa mtandaoni awasilishe mpango wa kutoa viraka pamoja na orodha ya programu zilizomo ndani. Mnunuzi wa Dodoma au Kisumu anaweza kudai nyaraka hizohizo kwenye zabuni. Kwa mashine iliyotumika inayoletwa kama msaada, ambayo huenda ilipata kibali miaka mingi kabla ya hapo, itabidi aulize mwenyewe kabla kontena halijapakiwa: inasikia masafa gani, inajua ulinzi upi, na mtengenezaji ataihudumia hadi mwaka gani.