Picha za ajali: kupiga ni jambo moja, kurusha ni jingine

Ajali ikitokea barabarani, wa kwanza kufika ni watu wa jirani, na siku hizi wanafika na simu mkononi. Majeruhi hajatolewa garini, picha yake imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kazini, hata ya kwaya. Wapo wanaosema huu ni unyama mtupu. Wapo wanaosema bila simu hizo tusingejua lolote. Naona wanagombania vitu viwili kana kwamba ni kimoja.

Nianze na watetezi wa simu, maana hoja yao hudharauliwa haraka. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, 24 wakapona. Video za raia ndizo zilizotuonyesha mitumbwi ya wavuvi na watu wakivuta ndege kwa kamba. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kutuambia kwamba tulikuwa tumejiandaa vizuri kwa uokoaji. Kamba tuliiona kwa macho yetu. Basi lililojaza kupita kiasi, tairi lililokwisha, barabara iliyomeguka: mambo haya yakishapigwa picha hayafutiki kwa taarifa ya ofisini.

Lakini video za Bukoba zilizobaki kichwani mwangu zina maji, ndege na mikono ya waokoaji. Uso wa marehemu usingeongeza kitu kwenye hoja hiyo.

Kwetu maiti husitiriwa. Mama aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara hufungua khanga yake ya juu akamfunika mtu asiyemjua hata jina. Hatua mbili kutoka hapo, kijana ameinua simu, anangoja upepo uifunue. Na habari ya kifo ina utaratibu wake wa kupelekwa: anatafutwa mjomba au mzee mwenye busara, mfiwa anaketishwa, anaambiwa polepole. Picha haimketishi mtu. Binti anafungua stetasi ya rafiki yake na kukuta shati alilompigia baba pasi asubuhi.

Wasambazaji hujitetea kwamba wanawasaidia ndugu kuwatambua watu wao. Ni kweli kwamba majeruhi asiye na kitambulisho anaweza kulala hospitali siku kadhaa bila wa kwake kujua. Ila ndugu anachohitaji ni jina la basi, namba zake, lilikotoka na hospitali walikopelekwa majeruhi, na hayo ndiyo hukosekana kwenye ujumbe. Picha huja bila tarehe wala mahali. Ya mwaka juzi inarudi kama ya leo, na watu wenye abiria kwenye basi jingine kabisa wanaanza kuangua kilio.

Sheria? Katiba ya Tanzania inalinda faragha katika ibara ya 16 na uhuru wa kutoa habari katika ibara ya 18, na tangu 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao. Sitamani polisi wakabidhiwe jambo hili lote, kwa sababu mkono unaombana aliyerusha maiti unaweza kesho kumbana aliyerusha basi bovu la mkubwa. WhatsApp nao, tangu Aprili 2020, wanaruhusu ujumbe uliokwisha kusambazwa sana utumwe sehemu moja tu kwa mara moja. Sehemu hiyo moja inaweza kuwa kundi la watu 1,024.

Kijana yule nisingemwambia arudishe simu mfukoni. Apige namba za gari, tairi, barabara, ampelekee askari au mwandishi wa habari. Kwenye kundi la familia aandike maneno: basi gani, wapi, hospitali ipi.

Mzigo humwangukia admini. Akifuta picha anaambiwa anaficha mambo. Kwenye kundi letu la ukoo tulikubaliana zifutwe bila mjadala, na watu wawili walijitoa siku hiyohiyo. Mmoja amerudi. Mwingine bado amenuna.