Cheti ukutani, kamisheni mfukoni

Februari 2011 Sergio Ramirez alikwenda na mke wake na baba mkwe wake kwenye duka la Nissan mjini Dublin, California, kununua Maxima. Rangi walishachagua, bei walishapatana. Ilibaki kuangalia historia ya mikopo tu. Ripoti ilipotoka, muuzaji akamwambia hawezi kumuuzia gari kwa sababu jina lake limo kwenye orodha ya magaidi. Ikabidi mkewe alinunue kwa jina lake yeye.

Ramirez hakuwa gaidi. Kampuni ya TransUnion iliyotoa ripoti ile ilikuwa ikilinganisha jina la kwanza na la mwisho tu dhidi ya orodha ya watu ambao Wizara ya Fedha ya Marekani imekataza kufanya nao biashara. Tarehe ya kuzaliwa haikuguswa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2021 ikiwa na walalamikaji 8,185, na kwa kura 5 dhidi ya 4 majaji wakasema wenye haki ya kudai fidia kwa kupachikwa jina hilo ni 1,853 tu, wale ambao ripoti zao zilikuwa zimefika mikononi mwa wafanyabiashara. Wewe unayeitwa Mohamed Hassan au Ali Salim, uliyetoka Mombasa au Unguja na leo unaishi Columbus au Minneapolis, najua huhitaji kuelezwa kwa nini nimeanzia hapa.

Wengi waliizungumzia kesi hiyo kwa upande wa TransUnion. Mimi namtazama yule muuzaji. Aliona jina kwenye karatasi akaogopa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba majina kufanana ni mwanzo wa kuulizia, siyo hukumu. Ulinganishe tarehe ya kuzaliwa, jina la kati, anwani. Ukibaki na shaka, upige simu wizarani. Somo la nusu saa. Hapa mafunzo yangemaliza kazi, na anayedharau mafunzo ya wafanyakazi kwenye biashara ya magari ya mkopo aijibu kwanza kesi hii.

Lakini kuna mambo mengine ndani ya duka lilelile ambayo hata ukiwafundisha watu mwaka mzima hayabadiliki. Kuyachanganya makundi haya mawili, nadhani, ndiko kunakoufanya mjadala wa Marekani kuhusu kama mafunzo ya wafanyakazi wa maduka ya magari yanamlinda mnunuzi uzunguke palepale miaka nenda miaka rudi.

Kwa asiyewahi kununua gari kule, utaratibu uko hivi. Ukishapatana bei na muuzaji uwanjani, unaingizwa ndani kwenye chumba cha meneja wa fedha. Huyu ndiye anayepeleka maombi yako kwenye benki kadhaa na kuandaa mkataba wa mkopo. Ni yeye pia anayekuuzia waranti ya nyongeza, bima ya kulipa pengo la deni gari likiharibika kabisa, na makorokoro mengine, mpaka naitrojeni ya kujaza matairi. Mkataba unausaini na duka, kisha duka linauuza kwa benki. Kwa hiyo mbele ya sheria duka nalo ni mkopeshaji, ijapokuwa fedha si zake.

Ndiyo maana sheria zimerundikana kwenye chumba hicho kidogo. Ipo ya mwaka 1968 inayolazimisha gharama halisi ya mkopo iandikwe wazi. Ipo ya 1970 ya ripoti za mikopo, ya 1974 inayokataza ubaguzi katika kukopesha, na ya 1999 ya faragha ya taarifa za wateja. Chini ya hiyo ya mwisho Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ina kanuni ya kulinda taarifa hizo, ambayo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2021 na sehemu zake nzito zikaanza kubana Juni 2023. Duka lenye taarifa za wateja wasiofika 5,000 limesamehewa baadhi ya masharti yake, kama vile kuandika mpango wa kukabili uvamizi. Sharti la kuwafundisha wafanyakazi usalama wa taarifa halina msamaha huo.

Hili ni jambo la busara. Faili moja la mnunuzi lina namba yake ya hifadhi ya jamii, mshahara, mwajiri, anwani na nakala ya leseni. Barua pepe moja ya kitapeli ikifunguliwa na karani mchovu, vyote vimeondoka. Hata hivyo Juni 2024 ilionyesha mpaka wa somo hilo: CDK Global, kampuni inayoyauzia maduka ya magari programu za kuendeshea biashara, ilivamiwa na wadukuzi, na maduka kama 15,000 Amerika Kaskazini yakarudi kwenye kalamu na karatasi kwa siku kadhaa. Wafanyakazi wa maduka hayo hawakuwa na la kufanya. Mlango uliovunjwa ulikuwa wa jirani.

Kuna pia ile barua ya kumweleza mteja kwa nini amenyimwa mkopo. Sheria inataka impate ndani ya siku 30. Menejimenti nyingi hudhani ni kazi ya benki peke yake. Lakini meneja akiyatazama maombi, akaamua mwenyewe kwamba huyu hakopesheki na asiyapeleke benki yoyote, barua hiyo ni juu ya duka. Hapa napo, anayejua hutekeleza. Asiyejua hukosea bila hila yoyote.

Sasa tuje kwenye riba.

Benki ikijibu kwamba mteja huyu itamkopesha kwa asilimia 7, meneja anaweza kumwandikia 9. Zile 2 za juu, au sehemu yake kubwa, ni faida ya duka, na mara nyingi meneja mwenyewe hulipwa fungu la faida ya chumba chake. Chukua mkopo wa dola 25,000 wa miezi 72. Kwa asilimia 7 mteja analipa kama dola 426 kwa mwezi. Kwa 9, kama dola 451. Tofauti ni dola 24 na ushee, ambazo hazimshtui mtu aliyekwishalipenda gari. Kwa miaka 6 zinafika karibu 1,760.

Niliwahi kukaa kwenye kiti cha mteja, katika duka ambalo sitalitaja. Nyuma ya meneja kulikuwa na cheti cha mafunzo ndani ya fremu nzuri, na sitamsingizia: alijua kazi yake. Karatasi ya faragha aliieleza vizuri kuliko mwanasheria. Kila sanduku alinionyesha kwa ncha ya kalamu, kiasi kinachokopwa, gharama ya mkopo, jumla ya malipo. Nikamuuliza benki yenyewe imekupa asilimia ngapi. Akatabasamu, akasema hayo ni mambo ya ndani. Na alikuwa sahihi: hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha kunitajia kiwango hicho. Kama ningekuwa mkaguzi, ningempa alama zote.

Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipounda ofisi ya kulinda wateja wa huduma za fedha, CFPB, wenye maduka ya magari walifanikiwa kujitoa: wengi wao wakabaki chini ya FTC. CFPB ikapitia mlango wa benki. Desemba 2013, pamoja na Wizara ya Sheria, iliibana benki ya Ally, inayokopesha wanunuzi wa magari, ilipe dola milioni 98, ambapo 80 zilikuwa za kuwafidia wateja na 18 za faini, kwa madai kwamba wateja weusi, wa asili ya Kilatino na wa Asia walikuwa wakipandishiwa riba kuliko wazungu wenye sifa zilezile za mkopo. Kampuni za mikopo za Honda zikafuata 2015 na za Toyota 2016, zikakubali kubana nyongeza hiyo ya riba isizidi pointi 1.25 za asilimia kwa mikopo ya miaka 5 au chini, na pointi 1 kwa mirefu zaidi.

Wenye maduka wana majibu, wala si ya kubabaisha. Sheria ya 1974 kwa kawaida inakataza kumuuliza mkopaji wa gari rangi au kabila lake. Kwa hiyo wachunguzi walikisia asili ya mtu kwa ukoo wake na mtaa anaoishi. (Mwakyusa wa Houston sijui wangemtia fungu gani.) Wanauliza, na wana haki ya kuuliza: unamtozaje mtu mamilioni kwa ubaguzi wakati hata idadi ya waliobaguliwa ni ya kukisia? Wanasema pia kwamba duka lenye benki kumi mkononi linaweza kumpatia mgeni mwenye historia fupi ya mkopo kiwango ambacho asingekipata kwa kwenda benki moja mwenyewe, tena Jumamosi jioni benki zikiwa zimefungwa. Kazi hiyo inastahili ujira. Hoja hizi zilisikika: Mei 2018 Bunge liliufuta waraka wa CFPB wa 2013 uliosema benki zinaweza kuwajibika kwa ubaguzi wa nyongeza hizo za riba.

Nazikubali nusu. Ujira ni haki. Ninachokikataa ni ujira unaokua kadiri mteja anavyozidi kutojua. Kwa vitu vya nyongeza hali ni mbaya zaidi. Aprili 2022 kampuni ya Napleton, yenye maduka katika majimbo kadhaa, ilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya FTC na jimbo la Illinois kuishtaki. Kwa mujibu wa mashtaka, asilimia 83 ya wanunuzi waliohojiwa walikuwa wametozwa vitu ambavyo hawakuviridhia au walidanganywa kuvihusu, na wateja weusi walilipa wastani wa dola 99 zaidi kwa vitu hivyo na dola 190 zaidi kwa riba. Asilimia 83 si kiwango cha watu waliosahau somo. Watu huteleza kwa kusahau mara moja moja. Mara nane kati ya kumi ni kazi inayofanyika kama ilivyopangwa.

FTC ilijaribu kanuni mpya. Desemba 2023 ilipitisha utaratibu wa kulazimisha bei kamili itangazwe, vitu visivyo na faida kwa mteja visiuzwe, na ridhaa ya wazi ipatikane kwa kila tozo. Ilikadiria wateja wangeokoa zaidi ya dola bilioni 3.4 na saa milioni 72 za kuzunguka madukani. Chama cha wauzaji magari cha taifa, NADA, na kile cha Texas vikaenda mahakamani vikisema makaratasi yataongezeka na mteja atakaa kitini zaidi badala ya kidogo. Januari 27, 2025 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tano iliifuta kanuni hiyo kwa kura 2 dhidi ya 1, kwa kosa la utaratibu: Tume haikutoa tangazo la awali ambalo kanuni zake yenyewe zilidai. Chombo kinachowakagua wengine kama wamefuata hatua kimeanguka kwa kuruka hatua. Walimu wa uzingatiaji wa kanuni wana mfano wa bure hapo.

Kinachonivutia ni kwamba dawa nzuri zaidi niliyoiona kwenye suala la riba ilitoka kwa wauzaji wenyewe. Mwaka 2014 NADA na wenzake walitoa mwongozo wa hiari: duka lijiwekee nyongeza moja ya riba kwa wateja wote, na meneja aruhusiwe kuipunguza tu kwa sababu zilizoorodheshwa mapema, kwa mfano mteja amepata kiwango cha chini kwingine, na sababu ijazwe kwenye fomu iwekwe failini. Angalia kilichobadilika. Meneja hakuongezewa maarifa. Amenyang'anywa uhuru wa kumpima mteja kwa macho na kumpangia bei.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Januari 28, 2021 mamlaka ya fedha, FCA, ilipiga marufuku kamisheni inayopanda riba inapopanda, ikikadiria wateja wangeokoa pauni milioni 165 kwa mwaka. Bado ya nyuma yanawaandama. Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliyakataa madai mengi dhidi ya wakopeshaji, ila ikamkubalia mnunuzi mmoja, Johnson, ambaye kamisheni iliyolipwa kwa duka ilikuwa asilimia 25 ya kiasi alichokopa, naye hakujua.

Pingamizi moja sina jibu lake kamili. Ukimlipa meneja kiasi kilekile kwa kila faili, huenda asijisumbue kukutafutia benki nafuu. Ya kwanza kujibu ndiyo itakayokuchukua. Na ukibana riba, faida huhamia kwenye vitu vya nyongeza. California iliweka kikomo tangu 2006, pointi 2.5 kwa mikopo isiyozidi miezi 60 na 2 kwa inayozidi, na bado naitrojeni iliendelea kuuzwa. Ndipo Oktoba 2025 jimbo hilo likatia saini sheria yake yenyewe, inayofanana kwa mengi na ile kanuni iliyofutwa. Inaanza kutumika Oktoba 2026, na anayenunua gari lililotumika la chini ya dola 50,000 atakuwa na siku tatu za kulirudisha. Siku tatu za kukaa nyumbani, bila mtu kukuelekezea kalamu, na kuzisoma karatasi ambazo meneja alishakueleza vizuri sana.