Mjusi wa Kibosho

Zilikuwa zimebaki siku chache kufika Krismasi, nami nilikuwa nimeketi uani kwetu kihambani, Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, jirani yetu Baba Neema alipoingia akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge cha mkewe, huku nyuma yake wakifuata watoto wa kitongoji kizima pamoja na vijana wawili waliokuja kutoka Dar es Salaam kula sikukuu. Alikiweka mezani kando ya chupa ya chai, akakifungua taratibu, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyesomea jiografia. Hebu tuambie huyu ni mjusi wa aina gani."

Kilikuwa kipande cha mfupa chenye urefu wa shibiri moja hivi, rangi ya kahawia iliyokolea, kizito kuliko nilivyotarajia, chenye ukuta mnene kwa nje na vitundu vidogo visivyohesabika kwa ndani. Baba Neema alikuwa amekiokota kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, siku ya zamu ya kuzibua mifereji, akakianika juu ya bati bila kumwambia mtu yeyote, na muda wote kilipokuwa kikikauka alikuwa akipiga hesabu. "Wajerumani walimchukua mjusi wa Tendaguru bure," alisema. "Huyu hatoki hapa bila mkataba."

Kuhusu Tendaguru hakuwa amekosea. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kwenye kilima hicho, mkoani Lindi, mifupa ya dinosaria yenye uzito wa zaidi ya tani 200, ambayo wapagazi waliibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Na mmoja wa wanyama hao, ambaye mfupa wake wa mkono wa juu peke yake una urefu unaozidi mita 2, amesimamishwa hadi leo katika makumbusho mjini Berlin, kichwa chake kikiwa juu kwa zaidi ya mita 13. Ndiye yule mjusi ambaye wabunge wetu huulizana kila baada ya muda atarudi lini.

Nilimweleza kwamba anayetaka kuutambua mfupa huanza kwa kuutazama mwamba ulikotoka. Miamba ya Tendaguru ina umri wa miaka ipatayo milioni 150, na dinosaria, tukiwaacha ndege ambao ni kizazi chao, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, ilhali volkano iliyoujenga Mlima Kilimanjaro haijafikisha hata miaka milioni 3. Kwa hiyo mjusi wake angelazimika kusubiri zaidi ya miaka milioni 60 ili mlima uzaliwe kwanza, ndipo aje kufia mfongoni kwetu.

"Labda alikuwa anapita tu kutoka Lindi," alisema Baba Neema.

"Kama alikuwa Mchaga," alidakia mmoja wa wale vijana, "Desemba ni lazima apande nyumbani."

Nikaongeza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka mtu aliyegundua masalia ya namna hiyo atoe taarifa serikalini, na habari hiyo ilimhuzunisha kuliko habari zote za miamba.

Hapo yule kijana wa pili, ambaye muda wote alikuwa ameinamia simu yake, alitangaza kwamba wataalamu huutambua mfupa kwa kuulamba. Jambo hilo ni kweli, kwa sababu vitundu vya mfupa mkavu hufyonza mate na ulimi hunata, wakati jiwe la kawaida halinati. Lakini kipimo hicho hutenganisha mfupa na jiwe tu, wala hakiwezi kutenganisha dinosaria na ng'ombe. Niliyaeleza hayo kwa ukamilifu, na hakuna aliyenisikiliza. Watoto, ambao wengine ninawafundisha darasani, walikuwa wamekwisha kuanza kuimba, "Alambe! Alambe!", na simu zilikuwa zimeinuliwa. Mwalimu aliyesifia kufanya majaribio kwa vitendo mwaka mzima hawezi kukataa mbele ya wanafunzi wake. Nikalamba.

Ulimi ulinata barabara, hata nikalazimika kuusogeza mfupa pembeni kwa kidole gumba ili niachiwe. Ladha yake ilikuwa ya chumvi yenye uchachu wa mbali, ambayo niliwaeleza kwamba huenda ni madini. Ua wote ulilipuka kwa vigelegele.

Ndipo nilipowaonyesha ncha moja ya mfupa, iliyokuwa bapa kabisa na yenye mistari myembamba iliyokwenda sambamba, alama ambazo huachwa na msumeno wa buchani. Baba Neema alizitazama kwa muda mrefu, akasema hizo ni alama za meno ya mjusi mwenzake.

Ilibaki sindano ya moto. Mfupa ambao bado una protini zake ukichomwa hunuka nywele zilizoungua, na ule uliogeuka jiwe haunuki hivyo. Mama Neema alileta sindano ya kushonea, tukaishika kwa koleo juu ya mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikaigusisha. Ilitoka harufu ya nywele, ikafuatwa na harufu nyingine nzito zaidi, ambayo kila mfugaji aliyekuwapo aliitambua, kwa maana watu walianza kurudi nyuma mmoja mmoja.

Bibi alitokea upande wa zizini akiwa na ndoo mkononi. "Nani amechukua kizibo changu?"

Ilibainika kwamba lilikuwa paja la fahali aliyechinjwa kwenye harusi ya baba yangu mdogo, na Bibi mwenyewe ndiye aliyelichagua kwa kuwa lilienea vizuri kwenye tundu la kutolea mkojo wa ng'ombe zizini, likakaa humo miaka yote hiyo likinywa rangi na uzito, mpaka mvua za vuli ziliposomba kila kitu hadi mfongoni. Tangu hapo alikuwa akiziba kwa kipande cha mgomba, nacho kinaoza haraka.

"Sasa, mjukuu wangu," aliniuliza, "mbona umeziba mdomo?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wale vijana walikuwa wakituma video kwenye kundi la ukoo. Bibi akauchukua mfupa, akaukung'uta, akaanza kurudi zizini. Baba Neema alimfuata hatua kadhaa huku akikunja kitenge, akamuuliza kwa heshima kama anakumbuka yule fahali alinunuliwa wapi.

"Mnadani, Weruweru," alisema Bibi bila kugeuka. "Ulitaka awe ametoka wapi?"