Klik ya Nne

Mwenzenu dole gumba la kulia halikunji. Leo siku ya tatu. Ugali nakula kwa kijiko kama mgeni rasmi, maana kumega tonge kunataka dole gumba lenye afya, na langu nimelimalizia kwenye kitanda cha mtoto ambacho boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kukifunga hakuhitaji kifaa chochote.

Hakuhitaji kifaa. Nimelitafakari sana neno hilo, hasa usiku dole linapopwita. Hawa watu bisibisi hawajaifuta, wameihamisha tu. Zamani niliishika mkononi, sasa mkono wenyewe ndio bisibisi, kisigino ndiyo nyundo, goti ndiyo jeki. Kifaa kipo. Ni mimi.

Mke wangu ana mimba ya miezi minane, uzao wa kwanza, na mtaani nimeshavishwa cheo cha "baba kijacho". Shemeji yangu, kaka mtu, yuko Ohio anabeba maboksi mwaka wa tisa huu, na safari hii boksi moja akaamua kutubebea sisi. Akalitia kwenye kontena, likakata bahari miezi miwili na ushee, likafika Dar likiwa limebonyea kona moja. Ikumbukeni hiyo kona.

Mimi nilikuwa na mpango wangu, na mpango wangu ulikuwa Keko. Unakwenda Keko, unamwambia fundi unataka kitanda cha mtoto cha mninga, anakutajia bei ya kukufukuza, unaondoka, anakuita, mnaelewana. Wiki ijayo ukirudi hajaanza. Wiki ya pili kimepigwa randa. Wiki ya tatu fundi kafiwa. Lakini siku kikitoka, kinatoka kitanda! Kinapandishwa kwenye guta kikiwa kizima, kimegongwa, chaga zimepigiliwa, kilichobaki ni godoro na mtoto. Kitanda cha Keko hakina karatasi ya maelekezo. Maelekezo yake ni namba ya simu ya fundi, ambayo haipokelewi.

Nikamweleza mke wangu. Akaniangalia akiwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja, tumbo kwa mwingine. "Kaka yangu katuma kitu kutoka Marekani, wewe unanitajia guta?"

Basi Jumamosi nikafungua boksi. Nikakutana na karatasi. Karatasi ina Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kichina. UNESCO walitupa siku yetu, Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, tangu 2021, ila taarifa hazijafika kiwanda cha vitanda. Si neno, nikasema, nitafuata picha. Kwenye picha kuna jamaa mwenye upara, hana nguo, hana jasho, hana mke mjamzito anayemsimamia, anatabasamu tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Kifaa kila kimoja kimechorwa na kupigwa mstari mwekundu: nyundo hapana, bisibisi hapana, spana hapana. Nikajisikia kama ninayepekuliwa mlangoni.

Nisiwe mchoyo wa shukrani, vichwa viwili na mbavu mbili viliingiliana vizuri tu. Hata nikaanza kupiga mluzi. Mke wangu akapita akasema, "Kumbe unaweza." Hilo "kumbe" tutaliongelea siku nyingine.

Kikabaki kitu kimoja, chaga. Sasa chaga za hiki kitanda si zile mbao zetu unazopanga hata kwa kukadiria, ukikosa moja unachomeka ubao wa mlango. Hii ni fremu moja ya chuma iliyofumwa nyaya, inakaa juu ya vishikio vinne, kila kona kimoja. Kila kishikio kina kipini chenye springi. Unakibonyeza kwa dole gumba, unaisukuma fremu, kipini kinaruka na kuingia kwenye tundu lake, na kikiingia kinasema "klik". Hapo karatasi haina maneno, imechora sikio.

Na matundu yenyewe ni ngazi tatu. Ya juu kwa mtoto mchanga, mama asiiname sana. Akianza kukaa, unashusha ya katikati. Akianza kusimama kwa kushika fito, unashusha ya chini kabisa asije akajipindua akatoka. Nikapiga hesabu. Ngazi tatu, kona nne, ni klik kumi na mbili kabla mtoto hajajua kusema "baba".

Vishikio vyenyewe viko kwa ndani, chini. Kuviona lazima ulale chali chini ya kitanda kama fundi wa magari. Nikalala. Nimevaa kaptula ya mpira, ile ambayo mke wangu ameshaitupa mara mbili nami nikaiokoa. Miguu iko nje, kichwa kiko ndani, karatasi nimeing'ata mdomoni. Mlango ukalia.

"Hodi humu."

Mama mkwe. Katoka Tanga wiki iliyopita kuja kumngoja mjukuu, na tangu afike mimi nyumbani kwangu natembea nimevaa suruali ya kazini na mkanda. Jamani, kuna hali mwanamume hatakiwi kuonwa na mama mkwe, na kama zimeorodheshwa mahali, hii iko ukurasa wa kwanza.

"Shikamoo mama," nikasema huku karatasi ikinidondokea usoni.

"Marahaba mwanangu. Uko wapi?"

"Huku chini, mama."

Kimya. Naiona miguu yake na upindo wa kanga. Upindo haukusogea.

"Umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu mama, nafunga chaga."

"Aa." Akavuta kiti akakaa. Kiti! Mimi nilidhani kapita njia. "Sie kwetu tulilalia teremka tukaze. Kamba zikilegea mnateremka, mnakaza, mnapanda. Hakulala mtu chini yake."

Nikameza mate. Akaendelea kukagua. "Na huu ubavu haushuki? Nitamwekaje mtoto na mgongo wangu huu?"

Mke wangu akampelekea kaka yake swali kwenye WhatsApp, jibu likaja la sauti, dakika nne, na nyuma yake unasikia kabisa maboksi yakidondoka. Akasema vile vya ubavu wa kushusha Marekani walishapiga marufuku kuviuza tangu Juni 2011, kwa sababu ubavu ulikuwa ukichomoka upande mmoja mtoto anabanwa pale katikati, na wengine wakafa. Ndiyo maana siku hizi mbavu zinakaa imara na chaga ndiyo inayopandishwa na kushushwa. Akaongeza tupime nafasi za fito kwa kopo la soda, likipenya kitanda hakifai.

"Mtoto mchanga na soda wapi na wapi?" mama mkwe akauliza. Ikabidi aelezwe. Kopo likaletwa, halikupenya, akaridhika, akalifungua akanywa.

Mimi niko chini bado.

Kona ya kwanza: klik. Ya pili: klik. Ya tatu ilichukua muda na ngozi kidogo ya dole, lakini klik. Ya nne kimya. Nikasukuma kwa dole, kwa viganja viwili, kwa kisigino. Fremu inaingia, inakaa, inaonekana imekaa, lakini haisemi. Nikiikandamiza zaidi, kona ya pili inafyatuka. Narudi ya pili, klik, nakuja ya nne, kimya, ya pili inafyatuka. Nilizunguka kile kitanda nikiwa nimelala chali kama mshale wa saa.

Nikawaza labda inasema ila mimi sisikii. Nikaomba nyumba nzima inyamaze. Feni ikazimwa. Friji likachomolewa. Redio ya jirani, mke wangu akatoa kichwa dirishani akaomba kwa adabu, na kwa heshima ya ujauzito ikazimwa. Mama mkwe akashusha kopo. Nikavuta pumzi, nikalibana dole, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, na wakati uleule kwenye kichochoro ikapita ile spika ya baiskeli: "Dawa ya panya! Mende! Kunguni! Viroboto!"

Ikapita taratibu. Ikageuza mwisho wa uchochoro, ikarudi.

"Imesema?" mke wangu akauliza.

"Sijui."

Jirani yangu fundi seremala akaja, nadhani aliifuata sauti yangu. Akagonga ubavu wa kitanda kwa kidole kama anayechagua tikiti. "Bosi, hii si mbao. Hii ni unga wa mbao na gundi. Nipe misumari minne ya inchi tatu na dakika tano." Akaitoa nyundo. Sijui aliitoa wapi, kaja na msuli na singlendi. Nami nakiri nilishawishika. Mke wangu akasimama katikati ya nyundo na kitanda, tumbo likiwa mbele, na hakuna fundi anayepita hapo. Akaondoka akitikisa kichwa: "Kitanda hakina msumari. Hicho ni kitanda au kikapu?"

Saa kumi na mbili jioni. Nina njaa, dole limevimba, nimelala chini ya unga wa mbao na gundi tangu saa nane. Ndipo nilipofanya nililofanya. Nikaishika kona ya nne, nikagugumia kama ninayesukuma, nikaubandika ulimi kwenye kaakaa, nikauachia.

"Klik!"

"Hiyo!" mke wangu akapiga makofi. Nikatoka chini nikijipangusa vumbi, mshindi.

Mama mkwe hakuinua hata macho. "Tatu za chuma," akasema, "na moja ya mdomo."

Nikacheka. Mke wangu akacheka. Mama mkwe hakucheka.

Nikakimbilia kwenye godoro ili tubadilishe mada, nako mambo hayakuwa mazuri. Boksi halikuja na godoro, na magodoro yetu yanauzwa kwa futi, tatu kwa sita, nne kwa sita, sasa huyu Mmarekani kitanda chake kina inchi 28 kwa 52. Muuza magodoro alinikatia sponji kwa kisu na kwa macho. Karatasi imechora vidole viwili kati ya godoro na ubavu, visizidi hapo. Yangu nikapima, ikaingia ngumi. Nilipompigia akasema, "Mtoto si atakua? Ataziba." Nikachukua kanga nizibie, karatasi ikawa imeshaniwahi: mto, blanketi, kitambaa, vyote vina msalaba mwekundu. Mtoto alale chali peke yake, asizungukwe na kitu. Jumatatu nimekatiwa jingine kwa kipimo, vidole viwili vinaingia kwa kujibana, nauli ya bajaji kwenda na kurudi inataka kukaribia bei ya sponji.

Lakini ile Jumamosi usiku sikulala. Kila nikifumba macho naona kona ya nne inashuka, godoro linainama, na kitu kidogo ambacho hata jina hakijapewa kinateleza kuelekea kwenye ile nafasi ya ngumi. Mtu unaweza kudanganya mizani ya bucha, unaweza kumdanganya mama mwenye nyumba tarehe ya mshahara. Kitanda cha mtoto, sasa!

Saa nane usiku nikanyanyuka. Nikawasha tochi ya simu, nikalala tena chini, safari hii kwa hiari yangu. Ndipo nikaliangalia tundu lenyewe badala ya kulisukuma. Ni ile kona iliyobonyea kwenye boksi. Mle ndani kumejibana kipande cheupe, kile kimfano wa povu lililoganda wanachofungia tivii zisivunjike, kidogo kama punje ya mchele. Kimekaa tangu Ohio. Kipini kilikuwa kinafika mlangoni kinakuta kuna mtu ndani.

Dole halikuingia. Nikajaribu kidole cha mwisho, hakikuingia. Nikapapasa mezani gizani nikapata pini ya nywele ya mke wangu, nikachokoa, kikatoka. Najua, karatasi ilisema hakuna kifaa. Na aje yule mwenye upara anishtaki.

Nikaibana fremu, nikaisukuma kwa kiganja, kidogo tu, wala sikuumia.

Klik.

Jamani, ilivyolia! Nene, ya chuma, imejaa. Nikabaki pale chini natabasamu peke yangu kwenye giza.

Kitanda kikubwa kikalia nyuma yangu, mke wangu akajigeuza.

"Baba kijacho."

"Naam."

"Acha kuchezea mdomo, njoo ulale."