Bao halihitaji klasi, resi za ngalawa zinazihitaji

Kijana wa Unguja au Pemba anayejifunza kutunga gemu kwa mapenzi yake tu hukutana mapema na ushauri wa namna mbili unaogongana. Wapo wanaomwambia aanze na klasi (violezo vya kuundia vitu vyenye data na funksheni zake) na vitu, maana Godot na Unity, programu za kutungia gemu, zimejengwa hivyo. Na wapo wanaomwambia aachane navyo, aandike funksheni na orodha mpaka gemu ya kwanza ikamilike. Wote wana hoja. Kinachoamua ni gemu anayoitunga.

Tuchukue bao. Mashimo 32, kete 64. Aliyetoka moja kwa moja kwenye somo la klasi atatunga klasi ya Kete, ya Shimo, ya Mchezaji na ya Ubao. Matokeo yake ni vitu 64 visivyotofautiana kwa lolote, kwani kete haina jina wala historia ya kukumbukwa. Bao linataka hesabu. Kila mchezaji apewe orodha ya namba 16, pamoja na namba moja ya kete za mkononi, ambazo mwanzo wa kunamua (awamu ya kuingiza kete za mkononi ubaoni) ni 22. Mashimo yakihesabiwa kuanzia 0, linalofuata ni `(shimo + 1) % 16`, ambapo `%` hutoa baki la kugawa. Ukihesabu kila safu ya mbele kuanzia kushoto kwa mwenyewe, shimo `i` linatazamana na `7 - i` la mpinzani. Kete zinazoliwa hutawanywa upande wa aliyekula, hivyo jumla haibadiliki. Jumlisha kila baada ya zamu: ikitoka 63, kosa limo kwenye funksheni ya kutawanya.

Tahadhari moja hapa. Kete hutembea pande zote mbili, na ukirudi nyuma kutoka shimo 0, lugha ya Python hukupa 15 lakini C#, lugha ya Unity, hukupa -1, gemu ikaanguka papo hapo. Ongeza 16 kabla ya kugawa.

Faida ya orodha huonekana zaidi pale kompyuta inapocheza. Ili ichague mtaji (hatua ya kula kete), lazima ijaribu kila njia kwenye nakala ya ubao. Orodha ya namba hunakiliwa kwa mstari mmoja. Kitu chenye vitu vingine ndani yake, ukikinakili juu juu, hutoa ganda jipya lenye mashimo yale yale ya zamani. Kompyuta "inafikiri" tu, huku kete halisi zinahama.

Sasa gemu ya resi za ngalawa, vyombo 12 baharini. Bila klasi, mwanafunzi huweka orodha tatu: `x`, `y` na `kasi`. Ngalawa ya tano ikizama, anaifuta kwenye `x` na `y`, anasahau `kasi`. Kuanzia hapo ya sita inakwenda kwa kasi ya marehemu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Hapa ndipo klasi inapostahili: nafasi na kasi vikae pamoja, viondoke pamoja.

Lakini klasi nayo ina mtego wake. Katika Python, ukiandika `shehena = []` moja kwa moja chini ya jina la klasi, ngalawa zote 12 zinatumia orodha moja. Pakia samaki kwenye moja, zote zimepakia. Iandike `self.shehena = []` ndani ya `__init__`, funksheni inayoendeshwa kila kitu kinapoundwa, kila chombo kipate yake.

Urithi, yaani klasi kuchukua sifa na funksheni za klasi nyingine, ndio unaowapoteza wengi zaidi. Chombo, kisha ChaTanga na ChaMashine: inapendeza kwenye karatasi mpaka ije mashua yenye tanga na mashine ya nje pamoja. Itarithi wapi? Ikirithi kote kuwili, kila klasi ikiwa na funksheni yake ya `sukuma`, Python itaita ile ya klasi iliyotajwa kwanza na kuiacha ya pili, isipokuwa umeziunganisha kwa makusudi. Ni bora chombo *kiwe na* tanga, kuliko *kuwa* cha tanga.

Wanaotetea klasi mwanzoni wana hoja moja isiyopingika. Skripti ya kawaida ya chombo katika Godot huanza na `extends CharacterBody2D`. `velocity` na `move_and_slide()` hukuzitunga wewe, umezirithi. Asiyejua hivyo atanakili bila kuelewa, na siku akibandika skripti hiyo kwenye nodi (kipande kimoja cha gemu katika Godot) ya `Sprite2D` atashangaa inakataliwa. Kwa hiyo urithi usomwe tangu siku ya kwanza. Kuutunga mwenyewe kunaweza kusubiri, na kwa gemu ndogo ngazi moja yatosha.

Katika Godot, basi, tengeneza sini (mkusanyiko wa nodi) ya Chombo, na chini yake utundike nodi mbili, Tanga na Mashine, kila moja ikiwa na funksheni `nguvu(upepo)`. Chombo kinajumlisha majibu ya nodi zilizopo. Mashua ina zote mbili. Kwa ngalawa, ifute Mashine. Upepo ukigeuka kutoka kaskazi kuwa kusi, hesabu ya kubadilisha iko kwenye skripti ya Tanga peke yake.